Muhogo Langoni

Mbeyu alikuwa kiranja wa zamu langoni siku mama yake alipokuja kumtazama.

Kazi yake ilikuwa kupekua vikapu vya wageni. Chakula cha nyumbani hakikuruhusiwa kuingia katika shule ile ya bweni ya wasichana, hapo Kisauni, na kiranja aliyekipitisha alivuliwa beji siku iyo hiyo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, bwana askari," mama alijibu akicheka, amesimama nje ya lango. "Haya, nipekue."

Kikapu kilikuwa kitupu. Lakini mama alipolegeza leso kiunoni, kikatokea kifurushi cha jani la mgomba, na ndani yake muhogo wa kuchoma. Ngozi ya tumbo lake, pale muhogo ulipokaa, ilikuwa imebabuka kwa joto.

"Nimetoka nao Mwakirunge. Sikutaka upoe."

Mwaka huo wa 1943 vita vilikuwa vimeadimisha chakula, na Mbeyu alijua fika ni nani aliyelala na njaa ili muhogo huo ubaki.

"Hauingii, mama."

"Hata kipande?"

"Hata harufu yake."

Mama akaanza kuufunga tena, taratibu, bila kinyongo.

Mbeyu akageuka. Mwalimu mkuu alikuwa barazani, anawatazama. Kutoka nje bila ruhusa lilikuwa kosa kubwa kuliko muhogo.

Akaifungua beji kifuani, akaitundika kwenye komeo, akatoka, akaketi mchangani ubavuni pa mama yake.

"Tumege, mama," akasema. "Lakini uanze wewe."