Mkate wa Mgeni Rasmi

Tangu asubuhi mwanafunzi Mwanaidi alikuwa amebeba mkate wa duara juu ya kitambaa cha tarizi, na kibakuli cha chumvi juu yake. Ngoma ya Kiukraine ya kukaribisha wageni huanza hivyo: mgeni humega, huchovya chumvini, hula, ndipo watoto huruka. Mgeni rasmi alifika jua likiwa utosini, bila hata kusema samahani.

"Ngoma hatuna muda nayo," alisema akitazama saa. "Leteni huo mkate tupige picha, tuondoke."

"Mwalimu Halina, mpe tu," mwalimu mkuu alinong'ona. "Usituaibishe."

Damu ilimpanda Halina kichwani. Muhula mzima alikuwa amewafundisha watoto hawa ngoma ya kwao Ukraine, kuchuchumaa na kurusha miguu mpaka magoti yakawaka moto. Sasa walisimama juani, mashati ya mikono mirefu yamelowa jasho, wanaambiwa ngoma yao haina kazi.

Mgeni rasmi alinyoosha mkono kuupokea mkate. Halina aliuchukua mikononi mwa Mwanaidi, akaumega.

"Mwalimu, si wa mgeni huo?" Mwanaidi aliuliza.

"Mgeni ni wewe. Achama."

Akamlisha, kisha mwenzake, kisha mwenzake, mpaka wote wakawa wanatafuna.

"Hiyo ndiyo adabu ya kwenu?" mgeni rasmi alifoka.

"Ndiyo hii."

Halina aliwasha muziki. Watoto wakaruka, mashavu yametuna mkate, na vumbi likamfikia mgeni rasmi mpaka kwenye mkono wake, ambao bado alikuwa ameunyoosha.