Simu Ikilia Juu ya Gurudumu

Simu ililia tena mfukoni mwa mume, na mume akaiacha ilie.

"Vizuri," mke alisema. "Leo ndiyo kwanza naona una msimamo."

Gurudumu kubwa la bembea lilikuwa limekwama, na kibanda chao kilikuwa juu kabisa, kikiyumba kama kapu kwenye kamba. Chini, uwanja mzima wa michezo ulionekana mdogo kama sinia. Mke alikamata chuma kwa mikono miwili. Hata hivyo, hofu yake kubwa haikuwa kuanguka.

Tangu waoane, hakukuwa na mlo, harusi wala msiba ambao simu ya kazi, leo mtaa huu kesho ule, haikumnyanyua mume huyu kitini. Asubuhi ile mke alikuwa amepeleka sanduku lake la nguo kwa dada yake. Kisha akatangaza kwamba watatoka wawili tu, na mahali atachagua yeye.

"Ukipokea simu hata moja, mimi nahamia kwa dada. Na sitaki kusikia neno lolote la kazi."

Walipofika langoni mwa uwanja, mume alifungua mdomo. Mke akamnyooshea kidole. Mume akaufunga.

Kwa kuwa ya kazi yalikatazwa, kule juu mume alizungumza ya kale.

"Zamani magurudumu haya yalikuwa ya mbao. Wanaume waliyazungusha kwa mikono."

"Na hao wanaume, wake zao waliwaona saa ngapi?"

Mume alichungulia chini. Akaonyesha farasi wa mbao waliokuwa wakizunguka chini. "Wale walianzia kwenye mazoezi ya askari wapanda farasi, waliokuwa wakilenga pete kwa mikuki. Na ile treni inayopanda na kushuka, babu yake ni kilima cha barafu. Warusi waliteleza juu yake wamekalia mapande ya barafu."

"Makalio hayakuganda?" Ilikuwa sauti ya bibi mmoja, kutoka kibanda cha chini yao.

"Walitandika majani makavu, bibi."

"Haya, endelea, baba. Usitukatie utamu!"

Mke alicheka bila kutaka. Siku nyingi hakuwa amecheka akiwa kando ya mtu huyu. Simu ikalia. Mume akaikalia.

"Na hili letu limekwama kwa nini?" mke aliuliza.

"Mkanda wa mota umeteleza. Si kitu. Mtu anayejua pa kushika, hata chai yake haipoi."

"Basi mbona hawamwiti huyo mtu?"

Mume akakitazama kile kidole alichonyooshewa langoni.

Upepo ulizidi. Bibi wa chini aliacha kuuliza ya barafu, akaanza kusali kwa sauti. Simu ikalia tena, ndefu, kama mtoto aliyesahauliwa. Mke akamwangalia mumewe anavyotokwa na jasho kwa ajili yake, na moyo wake ukalainika.

"Haya, umeshinda. Sanduku nitalirudisha. Pokea, usije ukafukuzwa bure. Ila weka sauti ya juu, na mimi nimsikie huyo anayeniibia mume."

Mume alibonyeza.

"Fundi!" simu ilipiga kelele, na papo hapo kipaza sauti cha mwendeshaji kikapiga kelele ileile kutoka chini: "Fundi, uko wapi? Gurudumu letu limekwama na watu wako juu!"