Chumba cha Saumu

Tangu sheria ile ianze, hakuna msingi unaochimbwa kabla Ofisi ya Usalama haijaarifiwa, wala hakuna fundi aliyeanguka tena. Bi Mgeni aliisifu sana Ofisi hiyo. Ilijua hata ubao upi una mchwa na utavunjika lini. Akaipigia simu: "Tunaongeza chumba cha binti yangu Saumu na mtoto atakayemzaa."

Sauti ikajibu kwa upole: "Anzeni, mama. Udongo ni mzuri, na mafundi wote watarudi kwao wazima. Chumba kitakaliwa na mtu mmoja."

Fundi Shaweji, aliyekuwa akisikiliza kando, akaegemea koleo lake. "Bi Mgeni, Ofisi hii haijawahi kukosea."

"Hata mara moja," akakubali, akaikaza kanga kiunoni. "Haya chimba, baba. Niachie nafasi ya kitanda kidogo, pale dirishani."