Skrubu ya Taa ya Kiwandani

Gari la vyuma chakavu lilikuwa likinguruma mlangoni. Taa kuukuu za kiwanda cha katani kilichobomolewa zilijaa sakafuni mwa karakana. Marehemu mume wa Sikudhani alizikusanya ili azitengeneze, na sasa Sikudhani alitaka kuendelea na kazi hiyo.

"Fungua moja tu, shemeji," alisema Mkude, mdogo wa marehemu, aliyeliita gari hilo. "Ukiifungua bila kuivunja, nakuachia zote. Ukishindwa, zinakwenda kuyeyushwa."

Skrubu ilikuwa imeganda kwa kutu. Nyundo ingebandua ganda jeupe la kauri kwenye kofia ya taa, na moto wa gesi ungelipasua. Sikudhani aliweka ncha ya chuma cha kulehemu juu ya kichwa cha skrubu peke yake, akasubiri.

"Unachemsha chai? Tulete sukari?" Mkude alimtania.

Skrubu iliposhika joto, Sikudhani aliigusisha mshumaa. Nta ikayeyuka, ikazama taratibu kwenye nyuzi za skrubu. Akasubiri tena ipoe.

"Kaka angeshaipiga nyundo zamani."

"Ndiyo maana alivunja tatu, shemeji."

Mkude akacheka bila kupenda. Sikudhani akaingiza bisibisi, akaikandamiza kwa uzito wa bega zima, akazungusha. Skrubu ikatoa mlio mfupi. Unga mwekundu wa kutu ukadondoka, lakini taa nzima ikaanza kuzunguka pamoja na bisibisi.

Mkude akachuchumaa, akaishika kofia ya taa kwa mikono miwili isizunguke.

"Zima gari," alimwambia dereva bila kugeuka.