Lita Mbili za Maji

Mbaruku alikuwa amekunywa lita mbili za maji, na sasa alikuwa akicheza ngoma isiyo na wapigaji kwenye foleni ya vipimo vya bima.

Kosa lake lilikuwa urefu. Watu wa bima hugawanya uzito kwa urefu mara urefu, na mlingoti kama yeye alitakiwa afikishe kilo hamsini na saba. Jana, kwenye mizani ya muuza viazi, alikuwa na hamsini na tano na nusu. Bila bima kampuni haimkabidhi usukani, na lori lake la kwanza linaondoka kesho.

“Kaka, mbona hutulii? Umekalia siafu?” aliuliza Sista Mwasiti, muuguzi.

“Furaha tu, dada. Nipime haraka kabla haijanitoka.”

Sista akacheka, akampa kikopo. “Mkojo kwanza, mizani baadaye.”

“Hatuwezi kuanza na mizani, dada yangu?”

“Utaratibu ni utaratibu. Jaza mpaka kwenye mstari.”

Mbaruku aliingia chooni akisoma dua zote alizozijua, nyingine akazitunga mwenyewe. Alitoka akitembea kama aliyebeba mayai, kikopo kimejaa mpaka kwenye mstari tu, mkojo uliobaki ameubana, meno yameumana. Jasho lilimtiririka, na hata hilo alilionea uchungu.

Akapanda mizani. Mshale ukapita hamsini na tano, ukapita hamsini na sita, kisha ukaanza kutetemeka penye hamsini na saba, sawasawa na magoti yake.

“Tulia basi, kaka,” Sista alisema akiinama na kalamu yake. “Nisome.”