Mlango Usioguswa

Nyumba za siku hizo zilioteshwa, hazikujengwa, na kila mtu alilijua sharti lake: mlango usioguswa huziba. Mti ukipapaswa, protini hukaza kuta za seli zake, usinenepe. Ukisahauliwa, protini nyingine huzilegeza, ukatanuka mpaka uwazi ukafungika.

Basi kila asubuhi, kabla ya chai, Bi Mwatumu aliipapasa miimo ya chumba cha mwanawe Kombo, aliyekuwa kazini ng'ambo. Miaka ikapita, mlango ule ukabaki mpana vilevile. Yeye mwenyewe alipitia wa jikoni.

Ijumaa moja akasikia, "Hodi! Shikamoo mama, ni mimi!"

Akakimbilia mlango wa mbele, kanga ikimdondoka. Palibaki ufa tu. Kombo akapenyeza mkono, mama akaudaka.

"Marahaba, baba! Zungukia jikoni. Chumba chako ki wazi."

Kombo hakuondoka. Vidole vyake viliupima ule ufa.

"Mama, kwani hapa hakuna anayekuja?"

"Si umekuja wewe," alijibu, wala hakumwachia mkono, ingawa alihisi mti umeanza kukazika pale pale walipougusa, ufa usizidi kuziba.