Nywele za Mama Kengele

“Ukizivuta tena hivyo, nakufukuza hata kama nina povu kichwani.”

Msusi alirudisha chanuo nyuma, akaanza upya kutoka nchani, kidogo kidogo, kama anavyofundishwa mwanafunzi wa saluni siku yake ya kwanza. Nywele zilikatika vilevile. Vipande vyeupe vikadondoka juu ya taulo.

“Wiki ya tisa hii,” mwenye kichwa akasema. “Mwalimu angefundisha wiki tisa na watoto wasijue hata irabu, angeachishwa kazi.”

“Nywele zilizoungua haziponi kwa amri, mama.”

“Nani kakuuliza?”

Mtaa mzima ulimwita Mama Kengele. Alikuwa mwalimu mkuu kwa miaka ishirini na mmoja, na hata baada ya kustaafu aliongea kama anayegonga kengele ya kuingia darasani. Nywele zake zilikuwa fahari yake: nene, mvi za kung’aa, hazijawahi kuguswa na dawa. Kisha siku moja akajinunulia rangi nyeusi dukani, akajipaka mwenyewe, akaisahau kichwani huku akisikiliza taarifa ya habari. Alipoosha, zikawa kama katani. Saluni aliona aibu kwenda. Akabaki na mtu mmoja tu mwenye ujuzi huo wa kumwita nyumbani, na ndiye ambaye Mama Kengele aliapa kwamba hatakanyaga sebuleni kwake: msusi huyu, mke wa mwanawe.

“Nimemsomesha mpaka chuo kikuu, anakwenda kuoa mshika vitana,” ndivyo alivyosema miaka minne iliyopita, mbele ya ukoo wote. Harusini hakwenda.

Mwana huyo, mhandisi wa barabara ambaye kazi humweka mbali na nyumbani mwezi hata miwili, ndiye aliyewapatanisha kwa simu. Kuwapatanisha, kwa maneno yake. Mama Kengele aliweka sharti palepale: “Kila Jumapili saa nane. Zikipona, kila mtu na njia yake. Sitaki mazoea.”

“Hata mimi siyataki,” msusi alijibu.

Basi kila Jumapili alifunga chumba chake cha kupanga, ambako mumewe asipokuwepo husikia redio za majirani tu siku hiyo, akabeba kikapu chake akaenda. Kazi ilikuwa ileile. Kuosha kwa maji ya uvuguvugu. Kulainisha. Kuzigawa nywele mafungu manne, kuzipulizia maji mpaka zinywe, kisha kupaka mafuta ya nazi juu yake ili unyevu usitoroke. Mfuko wa plastiki, taulo la moto, nusu saa. Kwa njia hiyo alishafufua vichwa vibaya zaidi ya hiki, kwa wiki tano, sita. Hiki kiligoma. Kila Jumapili alizikuta nywele zimerudi kuwa kavu kama ufagio, na kila Jumapili alisemwa upya.

Naye hakukaa kimya. Mama Kengele alipomwambia ana mikono ya kunyonyolea kuku, alimwambia kichwa nacho ni kibishi kama mwenyewe. Mama Kengele alisema chai ya msusi ni maji ya kusuuzia vyombo, akanywa vikombe viwili. Siku moja msusi alicheleweshwa na mvua robo saa nzima, akamkuta amesimama getini bila mwavuli. Alikuwa ametoka, alisema, kuhakikisha geti limefungwa.

“Ungekuwa unajua kazi, ungeshamaliza,” Mama Kengele alisema Jumapili hii, taulo likiwa kichwani.

“Ungekuwa unatulia, zingeshapona.”

“Mlango unaujua.”

“Nusu saa haijaisha.”

Taulo likapoa. Msusi akaenda bafuni kutafuta jingine. Alifungua kabati la chini ya sinki, ambalo hakuwahi kulifungua, akainua taulo la juu. Nyuma yake palikuwa na kisahani, na juu ya kisahani kipande cha sabuni ya kufulia, ile ngumu ya kutolea madoa ya oili. Nyumba hii ilifua kwa mashine, kwa sabuni ya unga. Kipande kilikuwa bado kibichi, kimelika pande zote, na nywele fupi nyeupe zimenasa juu yake, nyingi, za wiki nyingi.

Alisimama pale akikitazama. Sabuni ile ingekausha hata ngozi ya ng’ombe. Hasira ikampanda: wiki tisa za masimango, wiki tisa za kuvunjika mgongo. Alikishika kipande kile ili ageuke, akamtupie miguuni.

“Umehamia huko bafuni?” sauti iliita kutoka sebuleni. Kisha: “Chai yako inapoa.”

Hakuwa ameomba chai.

Akakirudisha kipande kwenye kisahani, akakifunika kilivyokuwa. Akalichovya taulo kwenye maji ya moto, akalikamua, akaenda kumfunga.

“Bado?” Mama Kengele akauliza bila kugeuka.

“Bado sana. Huenda tukafika mwisho wa mwaka.”

“Nilijua. Kazi huijui.” Akakisukuma kikombe upande wa msusi. “Jumapili usichelewe.”

Msusi akanywa chai yote. Halafu akaenda jikoni na chupa yake ya kupulizia, akamwaga maji yaliyobaki, akaisuuza mara mbili, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kuja nyumba hii, akaijaza bila kutia ile chumvi yake ya kuzikausha nywele.